Wamesema Nini?

Video ilikuwa ya sekunde kumi na mbili na haikuwa na sauti. Nilikuwa dukani kwangu Iringa. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikaipigapiga simu kwenye paja, na mteja mmoja aliyekuwa anajaribu viatu akaniambia, "Spika hiyo imekufa, mama, peleka kwa fundi." Ndipo nikaitazama vizuri. Mwanamke mwenye mvi amekaa karibu na dirisha ili mwanga umwangukie mikononi, ananiangalia kama mtu aliyenifuma naiba. Akagusa meno yake ya mbele kwa kidole kidogo. Jamani! Hakuna anayeniita hivyo duniani isipokuwa watu wanane, na wanane hao nilikuwa sijawaona kwa zaidi ya miaka ishirini. "Mwanya," alisema kwa mikono. "Uko hai? Mimi na Chen tumerudi. Ukija Guangzhou, tule." Basi, hayo tu. Nilikaa juu ya boksi la viatu nikalia, mteja akaniuliza msiba uko wapi, nikamwambia hakuna msiba, kuna mtu ananiita kula.

Wanaonijua watashangaa, maana Guangzhou ninakwenda mara mbili kila mwaka. Ninalala mtaa wa Sanyuanli, ninanunua nguo na viatu soko la Zhanxi, ninagombana na wasukuma mikokoteni wanaonikanyaga visigino, ninafunga mzigo, ninarudi. Lakini mikoba sigusi. Shiling, mji wa mikoba, sijakanyaga tangu mwaka ule. Wenzangu wakiniuliza nawaambia mikoba haitoki siku hizi, na huo ni uongo mtupu, mikoba inatoka kama maandazi ya asubuhi. Sababu ni Lin, mwanamke wa kwenye video. Kulikuwa na swali moja ambalo Lin aliniuliza kila siku, mara kumi, mara ishirini kwa siku, na siku moja akaacha kuniuliza. Kosa lilikuwa langu. Nilipokata tiketi safari hii sikuwaza viatu wala nguo. Niliwaza kama ataniuliza tena.

Ya ukoo wangu nayaruka, wazazi wangu walikuwa watu wema na hawahusiki na haya. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na mtu aliyenipeleka China alikuwa Dada Rukia, mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa na chumba cha kupanga Sanyuanli, ghorofa ya sita, ngazi za kukata pumzi. Chumba kilikuwa stoo kwanza, makazi baadaye. Tulilala katikati ya maboksi, na tulipotaka kufungua dirisha ilibidi tuhamishe marobota mawili. Msala wake na Biblia yangu vilikaa rafu moja, na hatukuwahi kugombana juu ya dini, tuligombana juu ya nani kamaliza maji ya moto. Nyuma ya ukuta wa kushoto alikuwepo Mkongo aliyeongea Kifaransa na simu tangu alfajiri, na kwenye ngazi Wakenya walipita wakitaniana kwa Sheng. Rukia alisikiliza yote. Akichuja chai alikuwa amekwisha kujua kontena la nani limekwama na nani kampata mchumba. Nasema hivi ili ieleweke kwamba nilitoka kwenye nyumba ambayo masikio yalikuwa mtaji.

Kazi aliyonipa ilikuwa nyepesi kusikia. "Edina, nenda Shiling ukae na mikoba yangu," alisema. "Laoban yule si mtu mbaya," laoban ndivyo sote tulivyomwita bosi yeyote wa Kichina, "ila zipu zake zina tabia ya kubadilika mimi nikiondoka. Bitana nayo nachagua hii, nafungua mzigo Dar naikuta nyingine. Kaa nao. Usifanye kitu, wewe kaa tu, wakuone." Kwa hiyo nikapanda basi, nikapangishiwa kichumba juu ya duka la vifungo, na siku ya kwanza nikapanda mpaka ghorofa ya tatu ya jengo moja linalonuka gundi. Chumba kirefu, majora ya ngozi ya bandia yameegemea ukuta, meza moja ndefu katikati, watu wanane wameinama. Nikasema "Ni hao!", salamu ya Kichina, kwa sauti ya furaha. Hakuna aliyegeuka. Mimi Mhehe, salamu kwangu si mchezo. Nikasalimia mara ya pili. Kimya. Nikasogea nyuma ya mwanamke mmoja mwembamba, nikasalimia kwa sauti ambayo kwetu ingeitisha mkutano, na mwanamke yule akaendelea kushona mpaka kivuli changu kilipoangukia kitambaa chake. Hapo akaruka, na wote saba wakaruka naye.

Laoban alicheka sana. Alinigusa sikio, akatikisa kidole. Hawasikii, wote wanane. Halafu, kwa Kichina cha polepole na ishara, akanieleza kwamba ndiyo maana aliwaajiri, ni wafanyakazi bora, hawapigi soga kazini. Nilimwamini kwa muda wa saa moja hivi. Loh! Sijawahi kuona watu wanaopiga soga kama wale. Mkasi ukiwekwa chini, habari imeanza. Mmoja anasimulia kutoka mwisho wa meza, yule wa mwisho mwingine anamkatiza, wa katikati anapiga meza kwa kiganja ili wamwangalie yeye. Na kelele! Mtu asiyesikia anavuta kiti bila huruma, anaweka sufuria bila huruma, anacheka kwa kifua chote. Laoban alikuwa akipita kati ya maongezi hayo kila siku akijisifu kwamba karakana yake ni tulivu.

Mwanamke mwembamba ndiye Lin. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache, na ndiye aliyesimamia meza. Mumewe Chen alikata ngozi asubuhi, ikikaribia saa sita akaingia jikoni, pembe moja tu ya chumba yenye jiko la gesi, akawapikia wote. Nilikaa kwenye kigoda changu siku tatu nikilinda zipu. Siku ya nne Lin akaniletea bakuli la wali na kuniashiria nije mezani. Nikiwaza leo, naona nilikuwa na bahati ambayo sikuistahili. Kichina changu kilikuwa cha sokoni: mei you, hakuna, bu yao, sitaki, na bei. Kwa Wachina wengine huo ulikuwa mwisho wa mazungumzo, wananitazama kidogo na kuondoka. Wale wanane walizaliwa kati ya watu wasiowaelewa. Walijua kusubiri, kurudia, kuchora hewani, kunishika kidevu na kunigeuzia uso kwenye kitu chenyewe. Mgeni asiyejua lugha hakuwa ajabu kwao. Walinifundisha sindano, uzi, mvua, njaa, mume, talaka, kwa mpangilio huo huo, kwa sababu ndivyo maongezi yalivyokwenda siku ile. Lin alinigombeza juu ya uso wangu. Mikono yako inauliza, alisema, lakini uso umelala. Mimi nilikuzwa nisikunje uso mbele ya watu, sasa nikawa nakunja uso mbele ya kioo cha bafuni mpaka mwenye duka la vifungo akaniuliza kama naumwa jino.

Siku moja nikafanya jambo la kijinga ambalo, nina hakika, Mtanzania tu ndiye angelifanya. Nilikuwa natoka kwenda dukani. Mtu aliyezoea umeme wa Luku hatoki chumbani bila kugusa swichi, mkono unakwenda wenyewe. Nikazima taa, nikashuka ngazi zangu. Nje mvua imefunga, madirisha yenyewe yamezibwa na majora. Niliporudi nilikuta wanane wanasubiri mlangoni. Kumbe katikati ya hadithi nzito, Chen akieleza alivyomwomba baba yake Lin amwoze, mimi nimewakata wote ndimi kwa mpigo. Swichi ilikuwa mbali na njia imejaa vitu, na walipomaliza kupapasa wakafikiri jengo linaungua, maana kwao taa kuzima na kuwaka ndiyo kengele ya moto, na ndiyo kengele ya chakula pia. Nilijieleza kwa mikono yangu ya mwezi mmoja: nyumbani, umeme, unakatika, unanunua kidogo kidogo. Chen alicheka mpaka akakaa sakafuni. Siku hiyo hiyo wakanipa jina. Kwa viziwi hujichagulii jina, unapewa, na unapewa kwa kinachoonekana. Niliomba waniite kwa jambo la taa. Lin akakataa, akagusa meno ya mbele kwa kidole kidogo. Mwanya. Nikajisikia mrembo, kwetu mwanya ni sifa. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba Lin hakukusudia sifa yoyote. Aliona pengo, akasema pengo, kama alivyomwita mwenzake Kipara na mwingine Pua.

Mlo wa mchana ulikuwa mrefu kuliko kazi. Huwezi kushika vijiti na kusema, kwa hiyo mwenye habari anaweka vijiti chini, na habari yake ikiwa ndefu anakula chakula kilichopoa. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya meza ile, na hakuna aliyelalamika. Samaki wa mvuke, mboga za majani na kitunguu saumu, supu ya mifupa, wali. Nikiwa nimezoea nikasema nami niwapikie. Nikaleta unga kutoka Sanyuanli, nikasonga ugali wa haja, nikawafundisha kula kwa mkono. Wakamega, wakabinya, wakachovya, na nikaona kitu cha ajabu: meza imenyamaza. Kila mkono umeshika tonge, na hata wa kushoto, waliouona kuwa wa akiba, ukanata. Wakatazamana kwa mashavu yaliyojaa, hakuna anayeweza kusema neno. Chen alikwenda kunawa, akarudi, akatoa hukumu: kitamu, lakini chakula hiki ni cha watu wenye midomo.

Sasa nije kwenye swali. Laoban alikuwa na tabia ya kuongea na simu akitembea kati ya cherehani. Madereva walikuja, wauza gundi walikuja, jirani alikuja kuazima ngazi, na wote hao walisema mambo kwa midomo. Kila mara Lin alinigongea meza mara mbili mbele yangu, akanyanyua nyusi: Wamesema nini? Mwanzo nilimjibu nilichokipata, nusu na robo. Kadiri Kichina changu kilivyosimama nikapata zaidi. Mara nyingine yalikuwa upuuzi, na siku moja nikachoka, nikapunga mkono: si kitu, nitakuambia baadaye. Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Lin akaweka mkasi chini. Akanisimulia meza nyingine, ya nyumbani kwao, sikukuu ya mwaka mpya, yeye mtoto. Shangazi anasema kitu, watu wote wanaangua kicheko. Anamvuta mama yake mkono: wamesema nini? Si kitu, mama anasema, nitakuambia baadaye. Kaka anasema kitu, mjomba anafuta machozi ya kucheka. Wamesema nini? Baadaye. "Miaka kumi na minane nimekaa kwenye meza ile," alisema Lin, "na hiyo baadaye haijafika mpaka leo. Ukiwa na mimi usiniambie si kitu. Kama wamesema mvua, niambie mvua. Mimi ndiye nitaamua kama ni kitu." Nikamwahidi. Niligusa kifua nikamwahidi mbele ya meza nzima, na niliona fahari, maana kati ya wote wenye masikio waliopita pale nilikuwa mimi peke yangu wanayemuuliza.

Mwaka ukazunguka hivyo, mzigo baada ya mzigo. Ikabaki wiki moja Wachina waondoke kwenda makwao kwa sikukuu, na mezani kulikuwa na mzigo mkubwa wa Rukia kuliko yote, mikoba ya wateja waliokwisha kuahidiwa. Jumatatu, saa nne asubuhi, laoban akaingia na simu sikioni. Aliongea polepole kuliko kawaida, kwa sababu mwenzake alikuwa mtu wa mkoa mwingine na hawakuelewana vizuri. Mimi nikaelewa kila neno. Baada ya sikukuu hafungui hapa tena. Mashine atazihamisha watu wakiwa makwao. Hapana, hawa hawachukui, kule atapata wengine. Hapana, hajawaambia, akiwaambia sasa wataweka mikasi chini na mzigo wa Mwafrika hautaisha. Akacheka kidogo. Alikuwa amesimama karibu na Chen kiasi kwamba alimpiga bega kwa upole wakati akisema hayo, na Chen akamtabasamia. Kisha laoban akanitabasamia na mimi.

Meza ikagongwa mara mbili. "Amesema nini?" aliuliza Lin.

Nimeirudia dakika ile miaka yote hii na siwezi kuitafutia kisingizio. Sikukosa alama. Nilikuwa nazo zote: kufunga, kuhama, nyinyi, hapana. Niliwaza mikoba. Niliwaza Rukia akiniambia sikukutuma ukaharibu kazi. Niliwaza kwamba nitawaambia tu, ila Ijumaa, mzigo ukishashuka, siku nne tano zina madhara gani? Nikapunga mkono. "Si kitu," nikasema.

Hakuwa na sababu ya kutoniamini, akainama akashona. Jumanne, tukiwa kwenye wali, akaja msimamizi wa karakana ya ng'ambo ya barabara na karatasi aliyoiandika vizuri. Ameona kazi yao, anawataka wote wanane, meza yao wenyewe, kuanzia baada ya sikukuu, lakini anataka jibu kabla ya Jumatano jioni kwa sababu wapo wengine wanaoomba. Karatasi ikazunguka meza. Wakajadiliana, wakataniana, Kipara akajifanya bosi mpya anayepiga watu kwa kiatu. Lin akanigeukia mimi, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. "Mwanya, wewe unaonaje?" Nilikuwa nimeshika bakuli. Ningeliweka chini tu. "Mnajua wenyewe," nikasema kwa mkono mmoja. Chen akaandika chini ya karatasi kwamba wanashukuru, wana mahali pao. Msimamizi akainama kwa heshima, akaondoka, nami nikamaliza wali wangu ungali wa moto.

Ijumaa mkoba wa mwisho ukafungwa, maboksi yakapigwa gundi, gari likaondoka. Nikapanda ngazi, nikaifikia swichi, nikazima na kuwasha. Wote wakageuka wakitabasamu, wakidhani Chen kapika mapema. Nikasema yote, polepole, bila kuficha alipocheka. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza Lin aliuliza jambo moja: "Umesikia lini?" Nilijua naweza kusema nimesikia leo. Nani angejua? Midomo ilikuwa yangu na masikio yalikuwa yangu. Lakini uso wangu, uso ule alioufundisha yeye mwenyewe kusema, ulikuwa umekwisha kumwambia. "Jumatatu," nikasema. Chen akatoka mbio. Nilimwona kupitia dirisha akivuka barabara bila kutazama, na baada ya dakika chache nikamwona akirudi, anatembea. Sikuhitaji kuambiwa. Nafasi zilikuwa zimejaa tangu jana yake.

Hawakunitukana. Ningependa wangenitukana, mimi najua kujibu tusi. Lin aliwageukia wenzake kupanga nani aende wapi, na alipofika kwenye kunitaja hakugusa meno. Aligusa sikio, akagusa mdomo: huyu anayesikia. Ndivyo walivyomwita laoban. Ndivyo walivyowaita madereva na wauza gundi na dunia yote ya nje. Baadaye laoban alipanda, hajui kwamba wanajua, akasimama mlangoni akanisemesha, sifa za mikoba, safari njema, nini na nini. Nikageuka kumwambia Lin bila hata kuulizwa, mikono iko juu tayari. Alikuwa anafunga mikasi yake ndani ya kitambaa, moja moja, na hakuinua macho. Hakuuliza. Nikashusha mikono yangu.

Nilimsimulia Rukia siku iliyofuata, Sanyuanli, tukiwa na chai na mikate ya sufuria. Nilitegemea anipoze. Nilisema nilinyamaza kwa ajili ya mzigo wako, dada. Akaweka kikombe. "Mimi nilikutuma ukalinde zipu, Edina. Kunyamaza sikukutuma. Simu ulikuwa nayo, ungenipigia." Nikamuuliza, ungekubali mzigo ukwame? "Ningekutukana, wallahi, ungesikia na Mkongo wa jirani. Halafu pengine ningekubali, pengine nisingekubali. Lakini hilo lingekuwa langu. Umeamua peke yako, sasa lako, usinibebeshe." Akanimiminia chai nyingine. Mikoba ilifika Dar salama, zipu zote zile zile, na ilitoka yote. Mimi nilirudi nyumbani mwezi ule. Kanisani kwetu kulikuwa na baba mmoja anayekaa benchi la nyuma, miaka yote tulimwita bubu na kumpa tabasamu la huruma mlangoni. Nikaenda kukaa naye, nikamwonyesha alama zangu za Guangzhou, akanitazama kama mwendawazimu. Alama za kwetu ni nyingine kabisa. Ikabidi nianze upya, sindano, mvua, njaa. Ni yeye aliyeniambia anaitwa Benaya. Tangu hapo matangazo ya ibada namwambia yote, hata yale ya mzee wa kanisa ya kujirudia, na yeye ndiye huamua kama ni kitu.

Basi mwezi uliopita nikaingia kwenye mkahawa wa chai ya asubuhi pale Sanyuanli, mgongo umelowa jasho kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Walikuwa wamekwisha kufika. Chen ana kofia ngumu ya pikipiki ya umeme juu ya meza, siku hizi anasambaza vifurushi, na ndiye aliyekutana na kijana wa Kitanzania kwenye ofisi moja ya kago akamwonyesha picha yangu ya zamani mpaka namba ikapatikana. Lin amekuwa mdogo, mikono ileile. Walinisimulia bila kuficha. Wanane walitawanyika. Yeye na mumewe walikosa mahali pa kuwachukua wawili, wakaishi mikoa miwili mbalimbali miaka mitatu, wakionana kwenye sikukuu tu. Kipara amefariki. Hawakusimulia kwa kunishtaki, viziwi husimulia mpaka mwisho, ndivyo walivyo. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, nimeyafanyia mazoezi hotelini, na bado nikachanganya hata alama za siku za wiki. Lin akanishika viganja vyote viwili, jambo ambalo kwao ni sawa na kumziba mtu mdomo. Kisha akaviachia ili aseme yeye. "Niliona siku ile kwamba una haya. Haya yako haikutupatia kazi." Nikakubali. "Lakini ulisema Jumatatu," akaendelea. "Ungeweza kusema umesikia leo asubuhi. Nilimwambia Chen, yule alijua kudanganya na mara ya pili hakudanganya. Miaka mingi nilikuwa na hasira, nisikufiche. Halafu ikapungua, nikabaki nalo neno hilo."

Tukala. Au tuseme wao walikula. Meza ya jirani walikaa mama wawili wa makamo wenye mabirika yao, na mmoja alisema kitu akituelekezea kidevu, mwenzake akaangua kicheko mpaka akajifuta macho. Lin alikiona kicheko. Alitazama vijiti vyake. Nilimwona anasita, na mimi sikutaka kumwahi, nilitaka swali lianze kwake. Nikafikiri, basi, nimesamehewa lakini siaminiwi, na mtu hawezi kudai vyote viwili. Hapo meza ikagongwa mara mbili mbele ya bakuli langu. Nyusi zikapanda.

"Wamesema nini?"

Nikaweka vijiti chini. "Wanasema mimi ni mnene, hiki kiti kitavunjika kabla ya chai kuisha. Wanasema wewe na mumeo ni mabubu, masikini, nani aliwaozesha. Na wanasema mbavu za nguruwe za leo zina chumvi kupita kiasi." Niliyasema yote, na lile neno la mabubu nililisema kwa alama ile ile mbaya wanayoichukia, kwa sababu ndilo lililosemwa. Lin alinitazama mpaka mikono yangu ikatua. "Ndiyo yote?" Nikamwambia ndiyo yote. Akageukia kisahani cha mbavu, akachukua moja, akatafuna bila haraka. "Chumvi kweli," alisema, na Chen akacheka kwa kifua chote, mkahawa mzima ukageuka, wale mama nao wakasema neno lingine, na Lin akaniangalia tena. Nikasema. Wakasema tena, nikasema tena. Chakula changu kilipoa chote asubuhi ile.